Siku Mwaitu Alipoagiza Chai Nairobi

Siku zile zetu mtoto hakupanga safari. Alipangwa, pamoja na mizigo. Ulikuwa unacheza mpira wa kati nyuma ya nyumba, unaitwa, unasuguliwa visigino kwa jiwe mpaka vinawaka, unapakwa mafuta ya mgando mpaka nzi wanateleza, na ukithubutu kuuliza mnaenda wapi unajibiwa, "Utajua ukifika." Na kweli ulijua ukifika. Nusu ya safari za utoto wangu nilizijulia hukohuko: matanga, harusi, kung'olewa jino.

Nasema haya kwa sababu likizo iliyopita nilijitia mama wa kisasa. Nilitaka kuwapeleka watoto wangu wawili Kisumu, siku mbili tu, tuone ziwa, tule samaki, turudi Kitengela kabla vumbi halijagundua kwamba tulitoka. Naserian ana miaka kumi na saba, Lemayian kumi na minne. Niliwaita mezani tupange pamoja. Walikuja, ila macho yao yalibaki kwenye simu. Kabla sijamaliza sentensi ya pili Naserian alikuwa ameshafungua kikundi cha safari, akatuingiza sote, na kufika saa ya kula alikuwa amemtoa baba yake kwa kosa la kutuma picha ya maua yenye maandishi ya kumshukuru Mungu kwa siku mpya. Mume wangu, mtu anayeuza ng'ombe mnadani na kusikilizwa na wanaume wenzake, alizunguka jikoni akiuliza amekosa nini.

Nikapendekeza hoteli. Naserian akatazama picha, akasema hicho kitanda ni cha ushamba. Nikapendekeza nyingine. Lemayian akauliza swali moja tu.

"Mum, waifai inafika bafu?"

Nikamwuliza anaenda kufanya nini bafuni na waifai. Akaniangalia kwa huruma. Nikawaambia habari za ziwa, za viboko, za machweo. Naserian akasema hivyo vyote wameshaviona kwa simu, na kwamba kiboko ni kiboko. Mwishowe nikawaomba kila mtu aandike kitu kimoja tu anachotaka tufanye huko. Kimoja. Nikaletewa orodha ndefu kama ya wageni wa harusi, na vitu vingine kwenye hiyo orodha viko Dubai.

Hapo ndipo nikamkumbuka Baba.

Kwetu ni Illasit, mpakani, kule ambako Kilimanjaro hukuchungulia kila asubuhi kama mwenye nyumba. Baba alitoka Ukambani akiwa kijana, akaja akapanda vitunguu na nyanya, na maji ya mfereji yakamfanya mtu. Akawa katibu wa kamati ya mfereji, kazi isiyo na mshahara lakini yenye heshima kubwa, hasa kutoka kwake mwenyewe. Aliipenda mikutano vile watu wengine wanavyopenda pombe. Mbuzi akipotea, kikao. Chumvi ikiisha, kikao. Watoto wa majirani wakikosea walichapwa papo hapo. Sisi tulichapwa baada ya kusomewa kumbukumbu za kikao kilichopita.

Kwa hiyo alipoamua kutupeleka Nairobi likizo ya Agosti, alifungua kikao. Aligonga kikombe kwa kijiko, ingawa sote tulikuwa tumeketi pale pale mbele yake, hakuna aliyekuwa akisema. Waliohudhuria walikuwa Baba mwenyewe. Mama yetu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Mwaitu. Dada yangu Wavinya wa miaka kumi na saba. Kaka yangu Musyoka wa kumi na tano. Na mimi, Ndinda, wa kumi na miwili, mjumbe asiye na kura.

Ajenda ya kwanza ilisema tutaondoka Alhamisi na kurudi Jumamosi, na tutalala kwa mjomba Mulwa, ndugu ya Mwaitu, ambaye kila Krismasi alikuja na miwani ya jua akituambia nyumbani kwake nafasi ni tele. Ajenda ya pili: kila mtu ataje kitu kimoja anachotaka kuona Nairobi.

"Ukitaja viwili," Baba akasema, "nafuta vyote viwili."

Wavinya alisema anataka kuona chuo kikuu. Baba alifurahi mpaka akaandika kwa herufi kubwa. Hakujua kwamba Wavinya alikuwa amesikia wasichana wa huko wanavaa suruali. Musyoka alitaka kuona ndege ikiruka. Mimi nilitaka kupanda ile ngazi inayotembea yenyewe, ambayo mwalimu wetu alituambia iko kwenye duka moja kubwa, na nusu ya darasa ilikataa kumwamini. Baba naye alijiandikia duka la pampu za maji, bila kuuliza mtu.

Kisha akamgeukia Mwaitu, kwa adabu ya kikao, akamwuliza naye anataka kuona nini. Mwaitu alikuwa anachambua maharagwe. Alisema hana haja ya kuona kitu. Baba akasema kila mjumbe lazima ataje. Mwaitu akachambua maharagwe mengine matatu, manne, kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba anataka kuketi kwa hoteli, aletewe chai na mtu, na akimaliza ainuke aache kikombe hapo hapo juu ya meza.

Baba alicheka sana. Sisi pia tulicheka, kwa sababu Baba alicheka. "Chai si iko hapa?" akasema, akionyesha birika. Lakini kikao ni kikao, kwa hiyo aliandika. Aliandika chini kabisa, pale kwenye ajenda ya mwisho inayoitwa mengineyo, ambapo katika mikutano ya mfereji waliwekwa watu wanaolalamika juu ya vyura.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na hilo ndilo Baba alilisoma mara mbili. Maji ya mfereji yanagawanywa kwa zamu, na zamu yetu ilikuwa kila Jumamosi jua likizama. Ilikuwa lazima turudi kabla ya hapo, kwa sababu Baba mwenyewe ndiye aliyeipitisha kwenye kamati ile sheria kwamba mwenye shamba lazima asimame kwa miguu yake pale maji yanapoingilia. Asipokuwepo, maji yanapita kwenda kwa jirani wa chini, mwenye shamba anakaa wiki nzima bila, na juu ya hayo anachimba tope la mfereji siku mbili mbele ya watu wote. Kwa sheria hiyo Baba alishawachimbisha watu watano. Mmoja alikuwa mzee wa kanisa aliyekwenda kumzika shangazi yake. Baba alimwambia pole kwa msiba, akampa jembe.

Maandalizi yetu hayakuhitaji simu. Mwaitu alichemsha mayai, akapika chapati za kukaa, akafunga miguu ya kuku wa mjomba, akatutoboa masikio kwa maonyo. Hatutasema "ala!" tukiona kitu. Hatutaonyesha kitu kwa kidole. Na zaidi ya yote, tukiwa kwa watu na tukiulizwa kama tutakula, tumeshiba. Nyinyi wenzangu mliozaliwa kabla ya rimoti mnaijua hiyo sheria. Mtoto aliyesema ana njaa ugenini alikuwa ameitukana nyumba yao yote mpaka kizazi cha tatu. Asubuhi ya Alhamisi jirani yetu Mama Nashipae, Mmasai ambaye angetukamulia ng'ombe tukiwa mbali, alikuja kutuaga. Tulimwinamishia vichwa akavigusa kimoja kimoja. Alituagiza tumwangalizie Nairobi vizuri, tuje tumwambie.

Mjomba Mulwa alikuja kutupokea bila miwani ya jua, na nafasi tele ikawa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kazi yake kubwa ofisini ilikuwa kupeleka barua orofa ya juu na kuzirudisha chini. Simcheki. Alitupikia ugali na matumbo, akatuuliza kama tutakula. Sote watano, Baba akiwa wa kwanza, tukasema kwa sauti moja tumeshiba. Mjomba alituamini kwa furaha kubwa. Alikula yote, tukimtazama, na baadaye Mwaitu akatupitishia mayai chini ya pazia kama mtu anayewalisha wafungwa.

Ijumaa tulitembea Nairobi. Chuo kikuu tulikiona kwa nje, kupitia ua. Wasichana wa suruali walikuwa wengi kuliko hata Wavinya alivyoota, na Baba, aliyewaona kwa mbali na kutoka nyuma, alisema hicho chuo kina wavulana wengi, Wavinya akitaka kwenda ajihadhari. Wavinya aliinamia kamba ya kiatu muda mrefu. Kwenye uwanja wa ndege kulikuwa na mahali pa kusimama watu wakiwapungia jamaa zao, na Musyoka alipungia kila ndege iliyopaa. Baba akamwuliza anampungia nani. "Yeyote," Musyoka akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka, na tulimcheka kwa miaka mingi.

Ngazi yangu nayo ilikuwepo. Nilipanda mara sita mpaka askari wa duka akaanza kunijua. Baba alisimama chini yake kwa muda, amevua kofia, akiwaachia watu wapite. Alisema anachunguza injini. Mwishowe Mwaitu alimpita, akakanyaga, akapanda taratibu na kiondo chake mkononi, mgongo wima, kama mtu aliyezaliwa juu ya ngazi. Basi Baba hakuwa na la kufanya. Alishika reli kwa mikono miwili, na alipofika juu akaruka hatua ndefu, vile anavyoruka mfereji ukiwa umejaa. Watu wa Nairobi walimpisha.

Jumamosi ilibaki pampu, halafu basi la saa tano la kurudi Loitokitok, mji wetu wa karibu. Duka lilipofunguliwa sisi tulikuwa mlangoni. Baba hakuwa na nia ya kununua pampu. Alitaka kuelewana nazo. Alimwuliza muuzaji habari ya kila moja, akazizungusha magurudumu, akawaeleza wateja wengine, akapiga magoti akachungulia ndani. Saa nzima ikapita, na nyingine. Mwaitu aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, kiondo magotini, akiangalia ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli. Haikuwa hoteli ya maana. Ilikuwa na viti vya mbao, pazia la shanga mlangoni, na mhudumu aliyevaa koti jeupe ambalo limeona mengi. Lakini kila mara pazia lilipofunguka ungeweza kuona watu wameketi wanaletewa vitu.

Tulipotoka kwenye pampu Baba aliangalia saa yake, akasema tukitembea haraka tunawahi basi. Akaanza kwenda. Halafu akakumbuka, nadhani, kwa sababu alisema bila kugeuka kwamba chai Mwaitu atakunywa Emali basi likisimama.

"Sawa," Mwaitu akasema, akainua kiondo.

Nataka muielewe hiyo sawa. Haikuwa na kisirani ndani yake. Ilikuwa sawa ya kila siku, aliyosema aliposikia hakuna sukari, na aliposikia wageni wanane wanakuja. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea. Musyoka pia. Ni Wavinya aliyeweka begi chini, katikati ya njia ya watu.

"Baba," akasema, "mengineyo hayajafanywa. Kikao hakijafungwa."

Siku zile hukumjibu mzazi hivyo barabarani. Hata leo nikikumbuka najishika shavu. Watu walikuwa wanatupita pande zote mbili, wengine wanalalamika juu ya begi. Baba aligeuka polepole. Mwaitu alimwambia Wavinya aachane na baba yake na abebe begi. Wavinya hakulibeba.

Nafikiri kama angesema jambo lingine lolote, kwamba si haki, kwamba tunamwonea Mwaitu, angepigwa kofi na tungeliwahi basi. Lakini alikuwa amemshika Baba kwa sheria za kikao chake mwenyewe. Baba aliangalia saa. Aliangalia hoteli. Halafu akamwangalia mkewe, na akamwuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia:

"Kwani ulikuwa unataka kweli?"

Mwaitu alilitazama lile pazia la shanga. Angeweza kusema sawa tena, na sote tungeendelea na maisha.

"Ndiyo," akasema. "Nataka."

Tukavuka barabara.

Ndani, mhudumu alipangusa meza kwa kitambaa, akamwuliza Mwaitu chai ya maziwa au ya strungi. Mwaitu akasema ya maziwa. Kubwa au ndogo? Mwaitu akafikiria. Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa maswali mawili mfululizo juu ya jambo analotaka yeye. Kubwa, akasema. Na mandazi? Na mandazi. Mhudumu akatugeukia sisi watoto, na sote watatu, midomo ikitoka mate, tukasema tumeshiba.

"Waletee," Baba akamwambia. "Wanadanganya."

Yeye mwenyewe alisema hataki kitu. Aliweka saa yake juu ya meza, mbele yake, akawa anaitazama. Chai ikaja. Mwaitu hakuigusa mara moja. Aliitazama, akageuza kikombe kishikio chake kiwe upande unaofaa, akanywa kidogo, akakiweka. Akatazama watu. Akatazama picha ya twiga ukutani. Akanywa kidogo tena. Mimi nilikuwa nimeshamaliza yangu na nilikuwa nahesabu sukari iliyobaki chini. Sijawahi kuona mtu akinywa chai polepole hivyo, na ninaishi na watoto wanaotuma ujumbe wakati wa kula.

Baba alisema kwa upole kwamba zimebaki dakika kumi. Baadaye akasema tano. Mwaitu alikuwa amefika mwisho wa kikombe, na Baba alishaanza kuinuka, kofia mkononi. Hapo Mwaitu akainua mkono juu, kama mtoto wa shule, na mhudumu alipokuja akamwomba kikombe cha pili.

"Mama Wavinya," Baba akasema. "Basi. Maji."

Mwaitu hakupandisha sauti. Kama kuna mtu kwenye meza ya jirani alikuwa anasikiliza, alidhani wanazungumza habari za hali ya hewa.

"Mfereji uko na zamu kila wiki," akasema. "Mimi yangu ndiyo hii."

Baba alikaa. Musyoka alinikanyaga mguu chini ya meza ili nisitafune kwa sauti. Halafu Baba akachukua ile saa juu ya meza, akaitia mfukoni. Akamwita mhudumu naye akaagiza chai, kubwa, ya maziwa, na walikunywa wote wawili, wamekaa bega kwa bega wakimtazama twiga. Walipomaliza Mwaitu akainuka, akakiacha kikombe hapo hapo. Alikuwa hata hajafika mlangoni nikaona mkono wake umekwenda nyuma kidogo, kukirudia, akaurudisha.

Basi lilikuwa limekwenda. Mjomba Mulwa alitufungulia mlango kwa uso wa mtu aliyekuwa ameshaanza kufurahia pazia lake peke yake. Aliuliza kama tutakula. Safari hii Wavinya alisema ndiyo, tutakula, na hakuna aliyekufa.

Tulirudi Illasit Jumapili. Maji yalikuwa yamepita kwenda kwa jirani wa chini, kisheria kabisa, na jirani wa chini alikuwa yule yule mzee wa kanisa. Alitusalimia kwa upendo wa Kristo, akiuma midomo asicheke. Siku ya kamati Baba alisoma majina ya waliokosa zamu, na jina lilikuwa moja, na alilisoma kwa sauti ile ile aliyosomea ya wengine. Wanakijiji walitoka kuja kumwona akichimba tope. Kuna waliobeba viti. Alichimba siku zote mbili, suruali imekunjwa mpaka magotini, na siku ya pili Mwaitu alimpelekea chai pale mferejini, akamsimamia mpaka akamaliza, akapokea kikombe. Msimu ule vitunguu vyetu vilitoka vidogo kama vya mchezo. Baba aliwaambia wanunuzi kwamba vidogo ndivyo vikali, na hakumlaumu mtu, si Wavinya, si Mwaitu, wala hakuandika popote sababu ya kukosa zamu. Mwenyekiti alipomwuliza alijibu kwamba alichelewa kwenye kikao.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ile tuliyorudi. Hatujafungua hata mizigo, Mama Nashipae akaja na maziwa. "Takwenya," akamsalimia Mwaitu kwa Kimasai. "Iko," Mwaitu akamjibu, na yule akavuta kigoda, akaketi, akasema, haya, Nairobi kukoje. Baada yake akaja mwingine, na mwingine, mpaka jikoni hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Musyoka alirusha ndege zake. Mimi nilipanda ngazi yangu, na watu wazima walinisikiliza, mimi wa kumi na miwili, wakiuliza ikifika juu hizo ngazi zinakwenda wapi. Sikujua. Mwaitu alingoja mpaka sote tukamaliza. Halafu akaisimulia ile chai. Aliisimulia tangu kitambaa cha kupangusia meza. Alisimulia jioni ile na miaka mingi baadaye, na kila mara kikombe kiliongezeka kidogo ukubwa, na Baba alikuwa akikaa pembeni akisahihisha rangi ya koti la mhudumu.

Sasa wote wawili wamelala kule Illasit, upande wa juu wa shamba. Wavinya alikwenda chuo kikuu, na suruali aliianza wiki ya kwanza.

Kisumu tulikwenda. Kila kitu kilienda sawa, na hilo ndilo lalamiko langu. Chumba kilikuwa kama kwenye picha. Waifai ilifika bafuni. Samaki alikuja mzima, amekaangwa vizuri, akapigwa picha za mbele, za ubavuni na za kutoka juu, akapoa kabla sisi hatujamla. Lemayian alimwona kiboko ziwani, akatoa simu kuhakikisha ni wa aina ile ile. Sisemi hawakufurahi. Jumamosi jioni kokoto iliniangusha ufukweni, nikakaa kwenye tope na nguo yangu nzuri, na walicheka mpaka wakashikana, na Naserian akanivuta akaniinua, akanipangusa uso kwa leso yake, taratibu, kama mtoto wake. Kwa hiyo dakika moja tulikuwa Kisumu sote watatu. Baba yao alikuwa amekwenda kutafuta mahali wanapouzia ng'ombe. Kisha Naserian akaniuliza kama ninaweza kuanguka tena, kwani simu yake haikuwa imenasa mwanzo wake.

Tulirudi Kitengela Jumapili jua likishuka. Mlinzi wa getini alitufungulia, akaangalia mabegi, akauliza, "Kwani mlikuwa mmetoka?" Pale kwenye kamba za nguo nikakutana na jirani yangu wa mlango wa pili, mama mzuri tu, tunasalimiana vizuri. Nikashusha begi, nikavuta pumzi nianze.

"Nimeona mapicha," akasema. "Mlikula samaki. Na ukaanguka." Akacheka, akaanua shuka lake, akaingia ndani.

Naserian na Lemayian walipita wakaenda vyumbani mwao. Marafiki zao walikuwa wameshaona, wameshapenda, wameshasahau. Mume wangu akalala. Nikaketi sebuleni bila kuvua viatu, habari za Kisumu zimenijaa mdomoni, magari ya Namanga yakipita huko barabarani, nikisikiliza kama kuna mtu anabisha hodi.